Kujifunza fedha za umma ukiwa Mombasa: anza na mwaka uliokwisha, si na hotuba ya bajeti

Kila Juni, waziri wa fedha akishaingia bungeni na mkoba wake, baraza za Mombasa hujaa wachambuzi wa siku moja. Mkate utapanda? Mafuta je? Wiki mbili baadaye gumzo limerudi kwenye mpira. Hotuba ile ina raha yake, lakini anayetaka kuelewa serikali inapata wapi fedha, inazigawa vipi na zinaishia wapi asianzie hapo. Hotuba husema nia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la serikali husomeka vizuri mwaka ukishafungwa.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupindua makusudi. Chagua mwaka wa fedha uliokwisha kukaguliwa, chagua kaunti moja, ambayo kwetu ni Mombasa, kisha soma kwa kurudi nyuma: ukaguzi kwanza, utekelezaji wa pili, bajeti ya tatu, mpango mwisho. Ukifika kwenye mpango utakuwa umeshajua ahadi zipi zilitimia, na maneno matamu hayatakubabaisha.

Mahitaji si makubwa. Simu yenye intaneti inatosha kupakua nyaraka, ingawa majedwali yanasomeka vyema kwenye kompyuta, na saiba zipo kila mtaa. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kutoa na asilimia. Nyaraka nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hilo halina budi, lakini Katiba ya 2010 ipo kwa Kiswahili na ndiyo ya kuwa nayo karibu muda wote. Sura ya 12 ndiyo sura ya fedha. Ukipata wenzako wawili watatu wa kusoma nao ni bora zaidi, kwa sababu majedwali haya humchosha mtu akiwa peke yake.

Hatua ya kwanza: jua nani anatoza nini

Watu wengi huanguka hapa kabla hawajafika kwenye bajeti. Utamsikia mtu Changamwe akisema, "Bandari iko kwetu, makontena yanashuka kwetu, kaunti inafanya nini na hizo pesa?" Swali ni zuri, ila limepelekwa nyumba isiyo yake. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeipa serikali ya kitaifa peke yake ushuru wa forodha, kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, na ushuru wa bidhaa. Kontena likishuka Kilindini, ushuru wake hukusanywa na KRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na kwenda kwenye Mfuko Mkuu wa serikali, Nairobi. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine zitakazoruhusiwa na sheria ya Bunge, pamoja na ada za huduma inazotoa: maegesho ya magari, leseni za biashara, masoko, mabango ya matangazo, idhini za ujenzi, hospitali zake.

Chukua karatasi uigawe safu mbili. Kwa wiki moja, kila unapolipa kitu au kuona mwenzako akilipa, kiandike kwenye safu yake. Mfanyabiashara wa Kongowea akilipa ada ya soko, ni kaunti. Akinunua muda wa maongezi, ushuru uliomo ndani ni wa kitaifa. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini nimeona wanafunzi wa mwaka wa tatu chuoni wakichanganyikiwa nalo.

Baada ya hapo fungua Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi. Afya ya kaunti, usafi na uzoaji taka, taa za barabarani, zimamoto, elimu ya chekechea, masoko: kaunti. Usalama, elimu ya msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu: taifa. Utakutana pia na jambo la kukukuna kichwa. Jedwali linataja feri na bandari kwenye orodha ya kaunti, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kimataifa na kitaifa. Hata hivyo feri ya Likoni iko chini ya KPA, mamlaka ya bandari, ambayo ni shirika la serikali ya kitaifa. Mvutano wa aina hii usiuruke. Nani anashika kazi na nani anashika pesa za kazi hiyo ndilo swali zito la ugatuzi wote.

Hatua ya pili: fuata njia ya fedha kutoka Nairobi

Kaunti hula kwenye vyungu vitatu: mgao wa usawa kutoka kwa taifa, mapato yake ya ndani, na ruzuku zenye masharti. Kwa kaunti nyingi mgao wa usawa ndio mkubwa kuliko yote. Mombasa ina bahati kuliko kaunti nyingi kwa sababu mji una biashara, majengo na magari ya kutozwa, lakini hata hapa mgao ukichelewa mishahara huyumba.

Katiba inataka kaunti zote 47 kwa jumla zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Angalia maneno yanayofuata, kwa maana ndiko kwenye ujanja: asilimia hiyo hupigwa kwenye hesabu za mapato za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hesabu hizo huweza kuwa za miaka kadhaa nyuma. Hivyo ukisikia mwanasiasa akisema kaunti zinapewa zaidi ya asilimia 20, muulize, ya mwaka gani?

Sasa tazama mfululizo wa mgao wa kaunti zote. Mwaka wa 2021/22 ulikuwa shilingi bilioni 370, na 2022/23 ukabaki palepale bilioni 370, ilhali bei za vitu zilipanda. Mwaka wa 2023/24 ukafika bilioni 385.4. Kwa 2024/25 kaunti zilikwisha kutengewa bilioni 400.1, kisha yakatokea yale ya Juni 2024: vijana wakaingia barabarani, Mswada wa Fedha ukaondolewa, Hazina Kuu ikapoteza mapato iliyoyatarajia, na mgao wa kaunti ukashushwa hadi bilioni 387.4. Kituo cha afya cha Jomvu na kodi iliyokataliwa Nairobi vimefungwa kamba moja. Kwa maoni yangu hakuna mfano wa karibuni unaofundisha somo hili vizuri kuliko huo, na inashangaza jinsi unavyotajwa kwa nadra ukitazamwa upande wa kaunti.

Baada ya kujua jumla, tafuta jinsi inavyogawanywa. Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza fomula, Seneti huamua, na kila miaka mitano hupitiwa upya. Fomula ya tatu, iliyotumika hadi 2024/25, ilipima hivi: idadi ya watu asilimia 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, miji 5, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, na fungu la 20 linalogawanywa sawasawa kwa kila kaunti. Lakini fomula hiyo haikugusa fedha zote. Nusu ya mgao wa 2019/20 iliwekwa kama msingi, na kilichobaki ndicho kikapimwa kwa vigezo vipya. Wanasiasa walipatana hivyo baada ya mvutano mrefu Seneti mwaka 2020.

Mombasa ilipata takriban bilioni 7.57 kati ya zile bilioni 370. Piga hesabu: ni kama asilimia 2. Sensa ya 2019 iliihesabia Mombasa watu 1,208,333 kati ya Wakenya 47,564,296, yaani kama asilimia 2.5. Tofauti hiyo imetoka wapi? Rudi kwenye vigezo. Ardhi yetu ni finyu, kilimo ni kidogo, na umaskini ukipimwa kwa viwango vya nchi nzima hautuweki juu kwenye orodha. Kaa na swali hilo jioni nzima, ujaribu kubadilisha uzito wa vigezo kwenye karatasi uone nani anapanda na nani anashuka. Utaelewa kwa nini maseneta hukesha.

Hatua ya tatu: weka kalenda ukutani

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe za kaunti, na wanaozifuatilia huziita nyaraka kwa herufi zake, nawe zizoee:

Agosti 30 – waraka wa kuanzisha bajeti kutoka kwa waziri wa fedha wa kaunti.
Septemba 1 – mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, unafika bunge la kaunti.
Septemba 30 – CBROP, tathmini ya mwaka uliopita na mtazamo wa ujao, unawasilishwa kwa baraza la mawaziri wa kaunti.
Februari 28 – CFSP, mkakati wa fedha. Hapa ndipo kila idara hupangiwa kiwango cha juu.
Aprili 30 – makadirio ya bajeti yanawasilishwa bungeni.
Juni 30 – bajeti iwe imepitishwa.

Juu ya yote hayo upo CIDP, mpango wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Katika tarehe hizo, Februari ndiyo ya kukoleza kwa wino mwekundu. Watu hufurika vikao vya Mei kudai zahanati, na wakati huo viwango vya idara vimeshafungwa tangu Machi. Anayetaka afya iongezewe aende kwenye CFSP. Anayekuja Mei anaweza tu kuhamisha vijisenti ndani ya idara.

Tofautisha pia miswada miwili ambayo hata magazeti huichanganya. Mswada wa kuidhinisha matumizi unaipa kaunti ruhusa ya kutumia. Mswada wa Fedha wa kaunti unaweka ada na tozo, nao hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya ule wa matumizi. Ada ya maegesho ikipanda, tafuta huo wa pili.

Hatua ya nne: soma kuanzia mwisho

Hii ndiyo kazi yenyewe.

Anza na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kifungu cha 229 kinampa miezi sita baada ya mwaka kwisha, na bunge la kaunti miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti zipo kwenye tovuti ya ofisi yake. Utakuta ripoti ya serikali ya kaunti, ya bunge la kaunti, na nyingine za hospitali, mifuko na kampuni ya maji. Chukua ya serikali ya kaunti.

Tazama kwanza aina ya maoni. Ni manne: maoni safi, maoni yenye kasoro, maoni mabaya, na mkaguzi kukataa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Wengi hudhani la tatu ndilo la kutisha zaidi. Mimi naliogopa la nne: maoni mabaya maana yake vitabu vimesomwa na havisemi kweli, kukataa maoni maana yake hata vya kusoma havikutosha.

Kisha jua kwamba ripoti ina sehemu tatu. Ya kwanza inahusu kama hesabu zinaonyesha hali halisi. Ya pili inauliza kama fedha zilitumika kihalali na kwa manufaa. Ya tatu inatazama udhibiti wa ndani na uongozi. Waandishi wa habari hukimbilia maneno "mamilioni yapotea", lakini mkaguzi mara nyingi anasema kitu kingine: stakabadhi hazikuletwa. Fedha isiyo na stakabadhi huenda iliibwa, huenda ilitumika vizuri na karatasi ikapotea. Mgala muue na haki mpe. Andika alichosema mkaguzi, usiongeze chumvi.

Ukimaliza, nenda kwa Msimamizi wa Bajeti. Ofisi hii ya Kifungu cha 228 ndiyo huidhinisha kila shilingi inayotoka kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na hutoa ripoti za utekelezaji kwa kila robo ya mwaka, kaunti baada ya kaunti. Zipo cob.go.ke. Pakua ripoti ya mwaka mzima na usome sura ya Mombasa tu. Ina majedwali ya mapato yaliyotarajiwa na yaliyopatikana, matumizi kwa kila idara, mishahara, safari, vikao vya kamati za madiwani, na bili ambazo hazijalipwa.

Nikupe hesabu ya mazoezi kwa kaunti ya kubuni, ili uone unachotafuta.

Kaunti hii ilipanga bajeti ya bilioni 10. Mgao wa usawa bilioni 6, mapato ya ndani 3.5, ruzuku 0.5. Upande wa matumizi: mishahara bilioni 4, uendeshaji 3, maendeleo 3. Sheria inataka maendeleo yatengewe angalau asilimia 30 ya bajeti, na imefika 30 kamili. Makofi.

Mwaka ukaisha. Fungu la mwisho la mgao lilichelewa kuvuka Juni, kwa hiyo ilipata 5.5. Mapato ya ndani yakawa 2.5, ruzuku 0.3. Jumla 8.3. Zile bilioni 1.7 zilizokosekana zilikatwa wapi? Mishahara ililipwa yote, bilioni 4. Uendeshaji ukatumia 2.9. Maendeleo yakabaki na 1.3.

Sasa gawanya. Maendeleo yaliyofanyika ni 1.3 kwa 3, sawa na asilimia 43 ya yaliyopangwa. Katika fedha zote zilizotumika, bilioni 8.2, maendeleo ni asilimia 16, si 30. Mishahara ni 4 kwa 8.3, asilimia 48 ya mapato, wakati kanuni za 2015 zimeweka kikomo cha 35. Na ukirudi kwenye bajeti ya mwanzo utaona ilikuwa asilimia 40, yaani kikomo kilivunjwa tangu siku ya kwanza na bajeti ikapitishwa hivyohivyo.

Kiini cha mchezo kiko kwenye ile namba 3.5. Mtu akitaka kuwaahidi watu barabara nyingi bila kukata mishahara, huongeza makadirio ya mapato ya ndani. Barabara zinaingia kwenye bajeti, fedha haziji, na lawama zinamwendea anayekusanya ada. Kwa hiyo ukishika bajeti yoyote mkononi, kabla ya kusoma mradi hata mmoja, linganisha mapato ya ndani yaliyokadiriwa na yaliyokusanywa kweli kwa miaka mitatu iliyopita. Pengo likijirudia kila mwaka, miradi ya mwisho kwenye orodha ni mapambo.

Fanya hesabu hiihii kwa Mombasa ukitumia mwaka uliouchagua. Usinakili asilimia zilizokwisha pigwa ndani ya ripoti. Zipige mwenyewe kisha ulinganishe.

Kuna mwanya mmoja wa kujihadhari nao. Kwa miaka mingi kaunti zimeandika hesabu kwa mtindo wa fedha taslimu: matumizi huhesabiwa siku pesa inapotoka. Mkandarasi aliyemaliza kazi Mei na hakulipwa haonekani kwenye matumizi ya mwaka huo. Ni kama nyumba inayojisifu kuwa mwezi huu haikununua sukari, kumbe sukari ilichukuliwa dukani kwa mkopo. Ndiyo maana jedwali la bili zisizolipwa lazima lisomwe pamoja na jedwali la matumizi. Bili zikikua mwaka hadi mwaka, kaunti inatumia fedha za kesho, tena bila kufuata njia ya mkopo ambayo Kifungu cha 212 kinaitaka: dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti.

Mwisho wa hatua hii soma bajeti za ziada. Zinaruhusiwa, lakini lazima bunge liidhinishe na kuna kikomo cha asilimia 10 juu ya kiasi kilichopitishwa. Weka bajeti ya mwanzo na ya ziada ubavu kwa ubavu, halafu upigie mstari kilichopunguzwa. Kilichopunguzwa hukuambia mambo ambayo hakuna hotuba itakayoyataja.

Hatua ya tano: shika kitu kimoja usikiachie

Bilioni hazishikiki. Chagua kitu unachokiona kwa macho: kituo cha afya Mrima, taa za barabara ya mtaani kwenu Kisauni, soko, chekechea. Mombasa ina wadi 30 katika maeneobunge sita, hutakosa.

Kisha kitafute kwenye CIDP, kwenye ADP, kwenye bajeti, kwenye ripoti ya utekelezaji, kwenye ukaguzi. Andika jina lake lilivyo katika kila waraka, kwa sababu majina hubadilika: "ukarabati" katika waraka mmoja huwa "ujenzi" katika mwingine, na wadi hupotea ikabaki "Mombasa, maeneo mbalimbali". Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ukikwama, tazama zabuni kwenye tenders.go.ke, ambako taasisi za umma zinatakiwa kutangaza zabuni na mikataba, kisha uende mahali penyewe ukaangalie. Ukiona kibao cha mradi, kipige picha: kwa kawaida huwa na jina la mkandarasi, na mara nyingine gharama.

Usiende kama askari kanzu. Ukimkuta mzee wa mtaa au bi mkubwa anayeuza mahamri jirani na mradi, msalimie, kaa, uliza kazi ilisimama lini. Wao wana kumbukumbu ambazo hazimo kwenye jedwali lolote.

Hatua ya sita: deni, kwa ufupi

Deni ni somo pana, nami nitakupa milango miwili tu.

Wa kwanza ni deni la ndani. Serikali hukopa kwa hati za Hazina za siku 91, 182 na 364, ambazo Benki Kuu huzinadi kila wiki, na kwa hati fungani za miaka mingi. Tangu 2023 mwananchi anaweza kushiriki kupitia mfumo wa DhowCSD kwenye simu yake. Huna haja ya kununua ili ujifunze. Fungua tovuti ya Benki Kuu kila wiki, andika riba ya siku 91, na uendelee hivyo kwa miezi michache. Utaanza kuelewa kwa nini benki zinapendelea kuikopesha serikali kuliko kumkopesha mwenye duka.

Wa pili ni deni la nje, na hapa Mombasa tuna kielelezo kinachopita mbele ya macho. Reli ya SGR hadi Nairobi ilifunguliwa Mei 2017 kwa mikopo ya benki ya Exim ya China, na tangu 2013 bidhaa zinazoingia nchini zilianza kutozwa ada ya maendeleo ya reli, kwa asilimia 1.5 wakati huo. Kwa hiyo sehemu ya deni hilo hulipwa na mtu anayenunua kiti cha plastiki aliyewahi kupanda mabasi tu. Mfano mwingine ni Eurobond, yaani hati fungani inayouzwa kwa wakopeshaji wa nje, ya dola bilioni 2 ya Juni 2014. Sehemu yake kubwa iliiva Juni 2024, na ili kuilipa serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine Februari 2024.

Unaposoma, acha kutazama jumla ya deni peke yake. Tazama malipo ya deni kama sehemu ya mapato ya kodi. Malipo hayo, pamoja na pensheni na mishahara ya ofisi za kikatiba, hutoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu kabla wizara hazijaanza kugombania kilichobaki. Kikomo cha kisheria nacho kilibadilishwa 2023, kikatoka kwenye kiasi maalumu cha shilingi trilioni 10, na sasa ni deni, likipimwa kwa thamani yake ya sasa, lisizidi asilimia 55 ya pato la taifa.

Hatua ya saba: sasa nenda darasani

Ukishafanya haya, nadharia itaingia kama maji. Vitabu vitakwambia serikali ina kazi tatu katika uchumi: kutoa huduma ambazo soko haliwezi kutoa, kusawazisha mapato kati ya wenye nacho na wasio nacho, na kuutuliza uchumi unapoyumba. Utajiuliza mwenyewe ni ipi kati ya hizo kaunti inaweza kuifanya, na kwa nini ya tatu imeachiwa taifa.

Kwa anayetaka cheti, mitihani ya uhasibu ya CPA, inayotolewa na bodi ya KASNEB, ina karatasi ya fedha za umma na kodi katika ngazi ya kati. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, hufundisha biashara na uhasibu, na watumishi wa umma wana Chuo cha Serikali cha Kenya chenye kampasi hapa Mombasa. Ushauri wangu ni huu: usilipe karo ya kozi ya juu kabla hujaweza kusoma ripoti moja ya Msimamizi wa Bajeti tangu mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa. Anayesoma karatasi za mtihani tu hufaulu, kisha akiajiriwa kaunti anaanza upya.

Hatua ya nane: uliza kwa maandishi

Ushiriki wa umma umo kwenye Kifungu cha 201, na kila kaunti inatakiwa iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, ambalo gavana ni mwenyekiti na ndani yake wamo wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Uliza nani anawakilisha kundi lako. Kikao cha maoni kikitangazwa, nenda na ukurasa mmoja ulioandikwa: wadi, mradi, ukurasa wa waraka ulikotajwa, kiasi kilichotengwa, kilichotumika, na ombi lako kwa sentensi moja. Maneno ya mdomo husahaulika. Karatasi iliyopigwa muhuri wa kupokewa hubaki kwenye faili. Hakikisha umebaki na nakala yenye muhuri huo.

Na waraka usipopatikana mtandaoni, uombe. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki hiyo. Ombi liwe la maandishi, na sheria inasema wazi kwamba laweza kuwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Usiandike "naomba habari zote za bajeti", kwa sababu ombi la namna hiyo ni rahisi kulizungusha. Andika: "Naomba orodha ya bili zisizolipwa za idara ya afya kufikia Juni 30 ya mwaka fulani, ikionyesha namba ya zabuni na kiasi." Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Zikipita kimya, au ukikataliwa bila sababu ya kisheria, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ukiambatisha nakala ya ombi lako yenye muhuri wa kupokewa.